UZI: Leni ya mabasi katikati ya mji, nani anapata na nani anapoteza?

1/ Juzi nilikuwa kwa matatu kutoka Nyansiongo kwenda Kisii, redio ikawa na mjadala mkali kuhusu leni za mabasi Nairobi. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akauliza, "Sasa hiyo inatuhusu nini sisi watu wa majani chai?" Nilikosa jibu la haraka, na mimi ndiye nasomea siasa! Nimelitafuta tangu hiyo siku. Sheria ya nyuzi zangu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama.

2/ Tuanze na maana. Leni ya mabasi ni sehemu ya barabara iliyotengewa magari ya abiria. Kuna ya rangi tu. Kuna inayofanya kazi saa za msongamano pekee, asubuhi na jioni. Halafu kuna ile imetengwa kabisa kwa ukingo, ina vituo vyake na mabasi makubwa. Hiyo ya mwisho ndiyo Kenya tunaiita BRT, na Dar es Salaam wanaiita mwendokasi.

3/ Wanaoitaka wanasema tuhesabu watu, tuache kuhesabu magari. Chukua watu 33. Wakipanda matatu ya viti 33, barabarani kuna gari moja. Wakienda kila mtu na gari lake ni magari 33. Hata wakibebana wawili wawili, bado ni 17. Lakini kwa foleni, ile matatu inasubiri nyuma ya hayo 17 kama vile imebeba mtu mmoja.

4/ Wanaopinga nao si wajinga, tusiwacheke. Barabara haiongezeki. Ukitoa leni moja, waliobaki wanabanana zaidi, angalau mwanzoni. Mwenye duka anapoteza mahali pa kushusha mizigo. Boda anasukumwa pembeni. Na wenye matatu wanauliza swali zito kuliko yote: hiyo leni ni ya mabasi ya nani? Kama ni kampuni mpya italetwa, basi dere na makanga wanaambiwa kazi yao imeisha, ila kwa lugha tamu.

5/ Sasa twende Nairobi. Mwaka wa 2017 iliundwa NAMATA, mamlaka ya usafiri wa jiji na kaunti zilizo karibu. Mapema 2019 leni moja ya Thika Road ikachorwa mstari mwekundu na kuandikwa ni ya BRT pekee. Shida? Mabasi yenyewe hayakuwepo. Magari madogo yakaendelea kupita juu ya rangi. Baadaye vituo vikaanza kujengwa, lakini miaka ikapita watu wakisubiri basi la kwanza.

6/ Kabla ya hapo, Desemba 2018, kaunti ilijaribu kinyume chake: matatu zisiingie katikati ya jiji. Siku ya kwanza watu walitembea mbali sana kufika kazini, wengine na watoto, wengine wagonjwa. Agizo likasimamishwa haraka. Kumbuka matatu ndiyo basi la Nairobi. Walioguswa zaidi ni wale ambao hawakuwa na gari la kujaza barabara.

7/ Dar es Salaam walifika mbali zaidi. Mwendokasi ilianza Mei 2016, kama kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake. Daladala ziliondolewa kwa njia hiyo kuu. Basi linapita huku magari mengine yamesimama. Lakini mabasi yamekuwa machache kuliko abiria, na karakana ya Jangwani imefurika maji mara nyingi mvua ikinyesha. Mabasi yakiwa machache, foleni inahama tu, inatoka barabarani inaingia kituoni.

8/ Kwa hivyo ukisikia mgombea anaahidi leni ya mabasi, au anaapa kuizuia, muulize haya:
– Mabasi ni ya nani, na SACCO zilizopo zina nafasi gani?
– Nani atalinda leni kila asubuhi, si siku ya uzinduzi tu?
– Boda na magari ya mizigo yataenda wapi?
– Nauli itapangwa na nani?
Akijibu "tutaangalia", ujue bado hana mpango.

9/ Hapa ndipo mjadala hupotea: ni kazi ya nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti barabara za kaunti, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Polisi wa trafiki pia ni wa kitaifa. Ndiyo maana kila upande huweza kusema "hiyo si yangu" na wote wakaonekana wanasema ukweli.

10/ Kisii ni mfano mzuri. Barabara kuu kutoka Isebania na Migori kwenda Kisumu inapita mjini, na sisi wa Keroka na Nyansiongo tunaingilia huko huko. Malori, matatu, Probox, boda na mikokoteni, wote kwa barabara moja.

11/ Mama yangu mdogo huenda kliniki Kisii kila mwezi, mguu wake ni mbaya. Tukikaribia mji gari linasimama. Akiona saa inaenda, anashuka na kupanda kilima polepole, ameshika bega langu. Mwezi uliopita tulichelewa, tukaambiwa turudi siku nyingine. Nauli mara mbili, na siku mbili za kuchuma chai zimepotea.

12/ Msimamo wangu: Kisii haihitaji BRT ya mabilioni. Ningejaribu kipande kifupi cha leni ya matatu, asubuhi na jioni tu, kwa miezi michache. Mizigo ishushwe mapema alfajiri. Boda wapewe steji rasmi kwanza, kabla ya kufukuzwa popote. Najua mwenye gari lake atachelewa dakika kadhaa. Naona ni haki, kwa sababu saa hii anayechelewa ni yule wa kliniki.

13/ Kwa hivyo mzee wa kiti cha mbele, inatuhusu. Sisi hatulali Kisii, lakini asubuhi zetu zinaishia kwa foleni yake. Kaunti ikiita wananchi watoe maoni ya bajeti, swali la 8 ni lako.

Wewe ungekubali leni hiyo ipite mbele ya duka lako? Niambie hapo chini, hata kama unanipinga.