Mota Katika Msafara wa Pedeli

Saa kumi na moja jioni, hapa Unguja, barabara ya kutoka Darajani kwenda Mwanakwerekwe hujaa baskeli za kila namna. Yumo aliyefunga tenga la samaki kwenye keria, yumo aliyebeba majani ya ng'ombe yaliyotanda kupita upana wa usukani, wamo wanafunzi wawili wanaokwenda sambamba wakipiga soga, na yumo mzee juu ya baskeli yake ya Phoenix ambaye hajaona bado sababu ya kufanya haraka. Pamoja na tofauti zao, mwendo wao unakaribiana: kilomita 12 hadi 16 kwa saa. Hakuna aliyewapangia, lakini kwa mwendo huo kila mmoja anajua mwenzake atakuwa wapi baada ya sekunde mbili. Sasa mtie kati yao mtu mwenye baskeli ile ile ya kawaida, aliyoifungia mota na betri uani kwake, yenye uwezo wa kwenda kilomita 35 kwa saa kimya kimya. Wanaotaka kuunda baskeli kama hiyo huuliza habari za mota na betri. Mimi nataka kuanza na wale watakaopitwa.

Ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 31 Disemba 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na betri ya volti 10 iliyokaa katikati ya fremu. Mpangilio huo unauzwa mpaka leo. Kilichokosekana kwa karibu miaka 100 ni betri nyepesi, na hiyo ilikuja mwaka 1991, kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu-ioni. Laptopu zikatuletea seli za aina hiyo kwa wingi, na laptopu inapokufa seli zake nyingi hubaki hai: pakiti moja huwa na seli kadhaa, na mara nyingi ni moja au mbili zilizochoka ndizo zinazosababisha zote zitupwe. Mtanzania Gibson Kawago, mwanzilishi wa kampuni ya WAGA, amejenga kazi yake juu ya jambo hilo, akikusanya betri chakavu za laptopu na kuziunda upya ziwashe taa na kuendesha hata baskeli; mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimchagua kuwa mmoja wa viongozi vijana wa Malengo ya Maendeleo Endelevu. Kenya nako, Lincoln Wamae ametumia seli kama hizo kuendesha viti vya magurudumu vya watu wenye ulemavu.

Hesabu ya betri ya baskeli haina ugumu. Seli moja ina volti 3.6 hivi. Unga 10 kwa mfululizo, upate volti 36. Weka safu nne za namna hiyo sambamba, na kwa seli 40 zenye ampea-saa 2.5 kila moja utakuwa na hifadhi ya wati-saa 360. Mpandaji anayeendelea kupiga pedeli hutumia takriban wati-saa 10 kwa kilomita. Kwa hiyo anatoka mjini hadi Bububu, anarudi, na chaji inabaki. Kuijaza tena hakumalizi hata nusu yuniti ya umeme wa TUKUZA.

Swali linalofuata huwa ni mota ya wati ngapi, na hapa ndipo watu wanapopotezwa na matangazo ya wauzaji. Unguja ni tambarare. Hata kilima cha Masingini, kilicho juu kuliko vyote, hakizidi sana mita 100. Adui wa mpanda baskeli wa hapa ni upepo, mzigo na joto. Mtu mzima aliyekaa wima kwenye baskeli ya kawaida, siku isiyo na upepo, anahitaji wati 65 hivi kwenda kilomita 15 kwa saa, na nguvu hizo mwili wa kawaida unazimudu kwa saa nzima. Akitaka kilomita 25 zinahitajika kama wati 185. Akitaka 35, zaidi ya 400. Hewa haisamehe: kila unapoongeza mwendo kidogo, nguvu inayohitajika hupanda mno. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Mtu yule yule wa kilomita 15, akienda Fumba mwezi wa Juni huku kusi ikimpiga usoni kwa kilomita 15 kwa saa, anahitaji wati 140 ili abaki kwenye mwendo ule ule. Tofauti hiyo ya wati 75 mota ndogo kabisa inaitoa bila kutokwa jasho. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha wati 250, na msaada wa mota hukatika baskeli ikifika kilomita 25 kwa saa. Marekani sheria ya mwaka 2002 inaruhusu wati 750 na kilomita 32. Kwa kisiwa chetu 250 zinatosha, na hizo kilomita 25 za Ulaya, ambako baskeli mara nyingi zina njia zake peke yake, kwangu mimi ni nyingi. Ningeifunga isizidi 20.

Sababu ni breki. Chukua baskeli yenye breki nzuri, barabara kavu, na mpandaji anayehitaji sekunde moja kuona hatari na kubana. Akiwa kwenye kilomita 15 kwa saa atasimama baada ya mita 6 na kitu. Akiwa kwenye 35 atahitaji zaidi ya mita 21. Na hizo ni breki nzuri. Phoenix na ndugu zake wa Kihindi zina breki za fito za chuma, zinazovuta vipande vya mpira juu vikabane upande wa ndani wa ringi. Ringi yenyewe ni ya chuma kilichopakwa kromu, na kromu iliyolowa ni utelezi mtupu. Anayeendesha baskeli hizo wakati wa masika analijua hili. Ndiyo maana mvua ikinyesha hupunguza mwendo na kuweka mguu tayari kukanyaga chini. Ukiifungia mota baskeli ya namna hii umeongeza mwendo na uzito wa kilo tano au sita, ilhali breki umeiacha kama alivyoifikiria mhandisi wa Kiingereza wa zamani. Bora uanze na baskeli ya mtumba yenye ringi za alumini na breki zinazobana mbavuni. Inaonekana dhaifu mbele ya Phoenix, lakini inasimama.

Foki nayo inataka kuangaliwa ukifunga mota mbele. Mota ya gurudumu la mbele huzungusha gurudumu kwa kuisukuma ekseli upande wa pili, na ekseli hiyo inashikiliwa na nati mbili tu kwenye mwanya wa foki. Ikishinda ule mwanya, huzunguka, hukata nyaya zake na gurudumu huchomoka. Foki iwe ya chuma kisicho na kutu, na ifungwe mkono wa chuma wa kuizuia ekseli isizunguke. Fundi wa kuchomelea yeyote wa mtaani anaweza kuutengeneza huo mkono. Foki ya alumini isifungiwe mota.

Tuje kwenye tabia ya mota yenyewe, jambo ambalo wauzaji hawalisemi na ambalo kwenye msafara lina uzito kuliko wati. Vifaa vingi vya bei nafuu hutambua kwamba unapiga pedeli kwa kutumia kisahani chenye sumaku ndogo kinachofungwa penye mhimili wa pedeli. Kisahani hicho hakijui unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Kinajua tu kwamba pedeli inazunguka. Ukianza kukanyaga, kidhibiti husubiri sumaku kadhaa zipite ndipo kiamshe mota. Ukiacha, husubiri tena kuhakikisha kweli umeacha. Nusu sekunde ya kusubiri huko, kwenye kilomita 15 kwa saa, ni mita mbili: urefu wa baskeli nzima ya aliyeko mbele yako. Zaidi ya hapo, mpandaji wa mjini ana mazoea ya kuzungusha pedeli robo duara ili kujiweka sawa anapopita katikati ya watu. Kwa mota hiyo ni amri ya kwenda. Baskeli inaruka mbele wakati mwenyewe alikusudia kunyoosha usukani tu.

Dawa ni swichi za breki, zinazokata umeme wa mota mara tu unapogusa mkono wa breki. Vifaa vingi huja nazo, na watu wengi huziacha kwenye boksi kwa sababu breki za fito hazina pa kuzifungia. Panapatikana: sumaku ndogo ikigandishwa kwenye fito, na swichi inayohisi sumaku ikifungwa kwenye usukani, kazi imekwisha. Wala usidharau kile kitufe cha kuvuta kasi kwa kidole gumba. Kwenye njia wazi kisahani cha sumaku kinafaa, lakini penye watu kitufe ndicho kinachotii papo hapo, kikiachiwa mota nayo inaacha.

Ukishapita Darajani ukaingia Mji Mkongwe, izime kabisa. Njia za Mkunazini, Hurumzi na Malindi zina baraza zilizotokeza, wazee wamekaa, watoto wanatoka mbio kwenye milango, na kona ambazo huoni kilicho nyuma yake mpaka ufike. Watu wa humo huishi kwa masikio. Vespa hujitangaza yenyewe, hamali na mkokoteni wake hupiga kelele ya "Simile! Simile!", na baskeli kuukuu husikika kwa mnyororo na madigadi yanayogongana. Mota ya umeme haina chochote cha kusikika, na mtu aliyeshtushwa kwenye njia ya upana wa mita mbili hana pa kurukia. Humo kengele ni kifaa cha lazima, na sauti ya mwendeshaji ni bora zaidi.

Barabarani, kengele ipigwe mita kumi kabla, kisha upite kuliani baada ya kutazama nyuma, maana daladala inakuja. Mwenye mzigo mpe nafasi ya baskeli mbili: akikwepa shimo, majani yake hukwepa zaidi yake. Usimpite mtu kwa kumzidi zaidi ya kilomita tano kwa saa. Usiku, taa ya mbele iinamishwe chini, kwa sababu betri ya volti 36 inaweza kuwasha taa kali inayompofusha anayekuja bila taa. Huko Ulaya waendesha baskeli wa michezo hulalamika kwamba mwenye mota anafanya udanganyifu. Sisi hatuna ugomvi huo, kwani kwetu baskeli ni ya kazi na anayefika bila kuchoka anapongezwa. Malalamiko ya hapa ni ya kushtushwa.

Kuna jambo moja ambalo mwenye mota anaweza kuwafanyia wenzake, na sijaona linafanywa vya kutosha. Kusi inapovuma, akae mbele. Anayemfuata kwa karibu kwenye kivuli cha upepo hutumia nguvu pungufu kwa mwendo ule ule. Sharti ni kwamba mwenye mota akubali kwenda kilomita 15, asiongeze, na asibane breki ghafla. Wanafunzi watatu wanaorudi Fuoni dhidi ya upepo, mmoja wao akiwa na mota, wote watatu wananufaika nayo.

Betri inabaki kuwa sehemu inayoweza kuua hata baskeli ikiwa imesimama. Seli za laptopu zichaguliwe kwa kupimwa: zijazwe, ziwekwe wiki kadhaa, na kila iliyoshuka volti kuliko wenzake itupwe. Pakiti iwe na saketi ya ulinzi na fyuzi. Seli ya lithiamu ikishika moto huendelea kujichochea yenyewe kutoka ndani, na kuifunika hakusaidii. Inataka maji mengi ya kuipoza. Jijini New York moto wa betri za namna hii uliua watu 18 mwaka 2023, na huko gari la zimamoto linafika mlangoni. Katika Mji Mkongwe halipiti kwenye vichochoro, ilhali dari zetu ni za boriti na ngazi ni za mbao. Usichaji chini ya ngazi, wala ukiwa umelala. Chaji mchana, juu ya sakafu ya saruji, palipo wazi. Mota nayo ina adui wake: wa Paje na Jambiani wanaopenda kupita kwenye mchanga mgumu maji yakitoka, wajue kwamba chumvi huingia ndani ya kitovu cha mota na haitoki.

Unapochagua mota, chagua yenye gia na kilachi ndani ya kitovu, ambayo ikizimwa gurudumu huzunguka huru. Isiyo na kilachi hukaza kila unapopiga pedeli bila umeme. Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa anayeanza kununua vifaa mwezi huu, ringi ya alumini na breki ya mbele zitangulie, kisha kengele, kisha swichi za breki na kidhibiti kinachoweza kufungwa kisivuke kilomita 20 kwa saa. Mota na betri zinunuliwe kwa fedha itakayobaki.