Je, Moyo wa Mwanafunzi Unapimika?

Kila Jumamosi jioni tunakutana katika fleti ya mmoja wetu hapa Al Mankhool, mwendo mfupi kutoka kituo cha metro cha BurJuman. Karak tunainunua mkahawa wa chini, mahamri anatupikia mama mwenye nyumba, na Kiswahili kinatoka kwa yeyote aliyebahatika kukirithi kikiwa kizima. Muhula uliopita tulijipa kazi ya kutafsiri hojaji moja na kuijaza wenyewe.

Hojaji hiyo, yenye maswali 12, ilichapishwa mwaka 2007 na mwanasaikolojia wa Marekani, Angela Duckworth, pamoja na wenzake. Hoja yake ni kwamba kipaji peke yake hakimfikishi mtu mbali. Kinachohitajika ni shauku na kutokata tamaa kwa miaka mingi. Sifa hiyo aliiita grit, neno ambalo kwa Kiingereza ni changarawe kwanza. Hapo tukakwama. Wa Mombasa akasema tuandike uvumilivu. Wa Unguja akakataa, maana mvumilivu anaweza kukaa tu akingoja. Subira? Ukakamavu? Tukampigia simu bibi wa mmoja wetu. Alisikiliza maelezo yetu marefu, kisha akasema, "Si moyo huo, wajukuu zangu?" Tukaandika moyo.

Aliyepata alama za juu kutuzidi sote ni mwenzetu ambaye, wiki tatu baadaye, aliacha kuingia darasani. Alikuwa ameanguka mtihani wa kalkulasi, na jioni zake zote zilikuwa za dukani kwa mjomba wake. Hatukumuuliza kitu. Tulisema, huyu ana moyo, atajikwamua. Sisi wenyewe ndio tuliomwacha, na hojaji ikatupa kisingizio.

Ndipo tukarudi kusoma vizuri. Mwaka 2017 Marcus Credé na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizohusu watu zaidi ya 66,000. Waligundua kwamba sifa hii ina uhusiano mdogo tu na ufaulu, na kwamba haitofautiani sana na bidii ya kawaida iliyokwisha kupimwa zamani. Uchunguzi wa Emmy Werner ulitugusa zaidi. Yeye na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakawa watu wazima. Kati ya waliolelewa kwenye shida nyingi, kama theluthi moja walikua vizuri. Jambo moja lililojitokeza katika maisha yao ni kuwapo kwa mtu mzima aliyewajali, hata kama si mzazi: bibi, jirani, mwalimu.

Mwalimu wa namna hiyo alipita hapa hapa Dubai. Machi 2019, katika hoteli ya Atlantis, Peter Tabichi wa Kenya alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, dola milioni moja. Alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani, Nakuru. (Pwani hiyo haina bahari, wala isiwachanganye wa Mombasa.) Shule ilikuwa na kompyuta moja, na karibu theluthi ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Sehemu kubwa ya mshahara wake aliwapa wenye shida. Kinachosahaulika ni kwamba mwisho wa wiki alikuwa akiwatembelea nyumbani wanafunzi waliokuwa hatarini kuacha masomo, na kuzungumza na wazazi wao. Hakungoja moyo wao ujipime.

Basi wawili wetu tukaenda kwa mwenzetu na daftari la kalkulasi na mahamri kwenye mfuko. Alitufungulia bila maneno. Tulipofika swali la tatu akauliza kama mahamri yamebaki.

Dukani bado anakwenda, lakini sasa ni siku tatu kwa wiki, baada ya mama mwenye nyumba kuzungumza na mjomba. Jumamosi iliyopita alikuja Al Mankhool, akaomba hojaji yake, akafuta majibu mawili.