Picha za watoto wako zitabaki wapi? Somo kutoka kwa mama wa watoto kumi

Mwaka juzi simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia. Nilikimbia nayo kwa fundi pale Omurushaka, barabara ya kwenda Murongo. Akaifungua, akaipuliza, akaianika. Jioni akanirudishia huku akitikisa kichwa. “Dada, laini ni nzima, ila simu ndiyo basi.”

Sikulilia simu. Nililia picha. Humo ndimo zilimokuwa picha zote za mwanangu wa kwanza, tangu alipozaliwa hadi aliposimama dede. Sikuwa nimesafisha hata moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria mama mmoja aliyefariki dunia zaidi ya miaka 150 iliyopita, ambaye picha za binti zake bado zipo.

Mke wa lodi mwenye mikono myeusi

Anaitwa Lady Clementina Hawarden. Alizaliwa mwaka 1822 huko Scotland, baba yake akiwa ofisa mkubwa wa jeshi la majini na mama yake Mhispania. Mwaka 1845 aliolewa na Cornwallis Maude, ambaye baadaye alirithi ulodi wa ukoo wao. Walijaliwa watoto kumi. Wanane ndio waliokua.

Alianza kupiga picha mwaka 1857 hivi, kwenye shamba la familia huko Ireland. Mwaka 1859 familia ikahamia London, na ghorofani nyumbani kwake akageuza vyumba kuwa studio. Hakuwa na taa za umeme. Alitegemea mwanga wa dirishani, kioo kikubwa cha kujitazamia, mapazia, nguo za zamani na binti zake. Wakubwa watatu, Isabella Grace, Clementina na Florence, ndio aliowapiga zaidi, wakati huo wakiwa wasichana wanaochipukia.

Kupiga picha siku hizo ilikuwa kazi ya jasho. Unachukua kioo, unakimwagia dawa nzito inayonata, unakichovya kwenye maji ya madini ya fedha, kisha unakiweka kwenye kamera kikiwa bado kibichi. Dawa ikikauka, umepoteza kazi. Anayepigwa anakaa tuli kwa sekunde kadhaa, na kioo kinasafishwa papo hapo. Baada ya hapo kinalazwa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai na kuanikwa juani mpaka sura itokee. Dawa hizo zilitia weusi kwenye vidole, awe mke wa lodi au kibarua.

Tuseme ukweli: alikuwa na watumishi wa kupika na kulea, na fedha za kununua dawa. Lakini wapo wenye fedha wengi ambao hawakuona kitu cha maana ndani ya nyumba zao. Yeye aliona. Ukizitazama picha zake, hukuti watoto waliopangwa mstari kama wanasubiri kupigiwa kengele. Unakuta msichana ameegemea dirisha akiwaza, au dada wawili wameshikana mikono, au mmoja anajitazama kwenye kioo. Ukutani kuna karatasi yenye nyota, na chumba chenyewe ni kitupu. Anayebaki ni mtoto, na mama anayemtazama kwa makini.

Mwaka 1863 alionyesha kazi zake kwenye chama cha wapiga picha cha London, akapokewa uanachama na kupewa medali ya fedha. Mwaka uliofuata akapata nyingine. Upigaji picha ulikuwa bado haujatimiza miaka 25 tangu utangazwe hadharani, na wengi waliuona kuwa ufundi tu, si sanaa.

Miaka hiyohiyo, hapa Karagwe

Kati ya mwishoni mwa 1861 na Aprili 1862, Mskoti mwingine, James Grant, alikuwa hapa kwetu Karagwe, amelazwa na maradhi ya mguu, akiwa mgeni wa Mfalme Rumanyika huko Bweranyange. Grant alikuwa amepiga picha Zanzibar mwaka 1860. Lakini joto la kwenye hema dogo alimoandalia vioo lilimzidi, hivyo safari ya bara aliifanya kwa kuchora. Ndiyo maana Karagwe ya siku zile imebaki kwenye michoro ya mgeni, wakati binti wa London wa miaka hiyohiyo tunawaona nyuso zao.

Kisa si kwamba mababu zetu hawakuwa na sura za kutazamwa. Kamera ndiyo haikufika. Leo imefika, iko mfukoni mwako, wala haihitaji ute wa yai.

Albamu iliyochanwa

Lady Hawarden alifariki dunia Januari 1865 kwa nimonia, akiwa na miaka 42. Wapo wanaodhani dawa za picha zilichangia kuudhoofisha mwili wake. Hakuacha shajara inayoeleza kazi yake, na picha hakuzipa majina. Zile za maonyesho aliziita tu mazoezi ya kupiga picha. Zilibaki kwenye albamu za ukoo.

Mwaka 1939 mjukuu wake alizikabidhi picha 775 kwa jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Nyingi zina pembe zilizochanika au kukatwa, kwa sababu zilibanduliwa kwenye albamu. Kwa kuwa hazikuandikwa, watafiti walilazimika kulinganisha sura hadi sura ili wajue yupi ni Isabella na yupi ni Clementina.

Somo lake lina pande mbili. Picha zilidumu kwa sababu zilikuwa kwenye karatasi, na kwa sababu palikuwa na mjukuu aliyejali. Lakini hata mama yule makini alisahau jambo dogo: kuandika majina.

Mzazi mwenzangu, fanya haya

Kila mwisho wa mwaka chagua picha kumi tu kwenye simu, uzisafishe studio. Nyuma andika kwa penseli laini jina la mtoto, mahali na tarehe. Nakala nyingine mpe bibi au shangazi, ili moto au maji yakiingia nyumba moja, nyingine ibaki. Na mara mojamoja mpe mtoto simu akupige wewe, maana mama anayepiga picha mara nyingi hayumo.

Mwanangu wa pili sasa ana albamu. Wa kwanza huifungua, anatafuta picha yake ya utotoni, haioni. Aliniuliza, “Mama, mimi sikuwahi kuwa mdogo?”

Nilimwambia alikuwa mdogo sana, na nikamsimulia. Ndicho nilichobaki nacho.