Siku 42 za Mama Kijana: Nafasi ya Muuguzi Mbobezi Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Mama kijana anapojifungua salama katika zahanati, wengi huhesabu kuwa kazi ya mtaalamu wa afya imekwisha. Kitaalamu, sehemu kubwa ya kazi hiyo ndiyo kwanza inaanza. Mama na mtoto wanapaswa kuonwa ndani ya saa 48, kisha kati ya siku ya 3 na ya 7, kati ya siku ya 8 na ya 28, na hatimaye kati ya siku ya 29 na ya 42.

Kwa mujibu wa Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022, vifo vitokanavyo na uzazi vimepungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, utafiti huo huo unaonesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Msichana wa miaka 17 aliyevuka salama siku ya kujifungua huweza kurudi nyumbani akiwa hana kipato, pengine hana mwenza, na shule ameiacha njiani.

Mazingira ya Mbinga na Nyasa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, yanaongeza uzito wa jambo hili. Katika milima ya Umatengo, msimu wa kuchuma kahawa huweza kumrudisha mzazi shambani kabla hajapata nguvu. Kando ya ziwa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, baba mvuvi huweza kukesha majini, na mama akabaki peke yake na kichanga. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 66, imerahisisha rufaa. Vijiji vilivyo mbali nayo bado hutegemea miguu, pikipiki au boti, na ziwa likichafuka boti hazitoki.

Hapo ndipo panapohitajika muuguzi mwenye ujuzi wa juu. Muuguzi mbobezi ni yule aliyeongeza masomo baada ya mafunzo ya msingi, kwa mfano shahada ya umahiri katika ukunga inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kama wenzake wote, hufanya kazi kwa leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya Sheria ya mwaka 2010. Si daktari mdogo, kama wengine wanavyodhani. Tofauti yake huonekana katika uamuzi: humpima mama shinikizo la damu na dalili za maambukizi, hutazama mtoto anavyonyonya, tena hutambua huzuni iliyopita kiasi, hofu au dalili za kupigwa nyumbani, mambo ambayo mama kijana hayatamki akiwa amesimama na mkwe wake.

Nchini Marekani, utafiti ulioanzishwa na David Olds huko Elmira, New York, miaka ya 1970, uliwapa wazazi wa mara ya kwanza wauguzi waliowatembelea nyumbani tangu ujauzito hadi mtoto alipofikisha miaka miwili, na matokeo yake yalieneza utaratibu huo katika nchi nyingine.

Wabobezi ni wachache, na haitarajiwi kila zahanati impate wake. Kwa hiyo manufaa yao makubwa ni kuwasimamia wauguzi wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024. Mhudumu hutambua kaya. Muuguzi huamua nini kifanyike. Pale inapobidi, familia huunganishwa na afisa ustawi wa jamii, TASAF, au mkuu wa shule, kwa kuwa tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni.

Mzazi anayetokwa damu nyingi, mwenye homa au kifafa, au ambaye mtoto wake ameacha kunyonya, asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe kituo cha karibu mara moja. Kwa usafiri wa dharura kupitia mfumo wa m-mama, namba ya kupiga bila malipo ni 115.