Je, Wajua? Hanang, Volkano Iliyoua Bila Kulipuka

Je, wajua kwamba tope lililofukia nyumba Katesh, Gendabi na vijiji jirani chini ya Mlima Hanang, Tanzania, Desemba 3, 2023 halikuletwa na mlipuko wa volkano? Siku zile wengi waliamini mlima umelipuka, na si ajabu, maana Hanang ni volkano kweli. Lakini hapakuwa na moto wala tetemeko. Serikali ilieleza, kwa ushahidi wa wataalamu wake, kwamba sehemu ya mlima yenye mwamba laini ilinyonya maji ya mvua hadi ikaelemewa na kumeguka. Kilichomeguka kikawa tope, likateremka na mawe na magogo. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Kwa nini mwamba uwe laini? Volkano hujijenga kwa matabaka: lava ngumu hapa, majivu na changarawe pale, mlipuko juu ya mlipuko. Hanang ilikuwa hai yapata miaka milioni moja iliyopita. Tangu hapo mvua na jua vimeyalainisha majivu yale, na mengine yamegeuka udongo wa mfinyanzi. Maji yakijaa humo, uzito huongezeka huku mshikamano ukipungua, tena kwenye miteremko mikali ya mlima wenye mita 3,417. Linaloniumiza ni kwamba majivu hayo hayo ndiyo yanayorutubisha mashamba, na ndiyo maana watu wamejenga chini ya mlima.

Je, wajua kwamba Ziwa Balangida, kaskazini mwa mlima, ni mtoto wa ufa? Tawi la Bonde la Ufa limepita hapa. Gamba la dunia lilipovutwa pande mbili, ardhi ya kati ilididimia na ukingo wake ukabaki juu kama ukuta. Maji huingia bondeni yasipate pa kutokea, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Mvutano huo haujakoma: Mei 1964 tetemeko kubwa lilitikisa eneo la Mbulu. Na Ziwa Basotu, magharibi mwa Hanang, limekalia mashimo yaliyochimbwa na milipuko ya kale.

Hanang si peke yake. Mwaka 1998, mvua za kimbunga Mitch zilimegua ubavu wa volkano Casita, Nicaragua, nayo haikuwa imelipuka. Tope lilifuta vijiji viwili, El Porvenir na Rolando Rodríguez. Hapa kwetu, maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka. Maziwa ya Momela yamelala juu ya kifusi chake.

Ukikaa chini ya mlima wa namna hii, utazame mto wakati wa mvua kubwa. Maji yakipungua ghafla ilhali mvua bado inanyesha, huenda kifusi kimeziba korongo huko juu, na kizuizi hicho kikipasuka kila kitu kitashuka kwa mkupuo. Maji kubadilika kuwa tope zito, miti kuinama na ngurumo isiyo ya radi ni dalili pia. Toka korongoni kwa kukata kando, kuelekea mwinuko wa pembeni. Usikimbie kufuata bonde, kwa sababu tope lenye mawe hupita humo humo na linaweza kumshinda mtu mbio.