Kabla ya Kupigilia Reli, Shika Penseli

HUENDA nawe unalo nyumbani sanduku kama lile lililokaa miaka miwili juu ya kabati letu: garimoshi dogo la umeme, mabehewa matano na vipande vya reli vya kuunganishwa kuwa duara. Mjomba wa watoto alilituma kutoka Ujerumani. Siku ya kwanza nyumba nzima ilikaa sakafuni kulitazama. Kufikia siku ya nne lilikuwa limerudi sandukuni, maana duara ni duara tu.

Likizo ya Agosti, mwana wetu wa miaka 12 alilishusha. Babu yake, aliyestaafu kutoka kazi ya reli, alikuwa amemsimulia jinsi njia ya zamani inavyojizungusha karibu na Mazeras na kupita juu yake yenyewe ili ipate kupanda kutoka pwani.

"Baba, tutengeneze hiyo. Babu akija Krismasi aione."

Nilikubali, na jioni ile ile nikaanza kupigilia reli. Hapo ndipo nilipokosea. Tulikuwa na mlango mkuukuu wa plaiwudi, upana sentimita 75 na urefu mita 2, tukauweka juu ya meza. Kufikia Jumapili daraja lilikuwa limesimama, sentimita 5 juu ya reli ya chini. Injini peke yake ilipanda kwa tabu. Tulipoifungia mabehewa ilikwama katikati ya mlima, magurudumu yakizunguka bure. Kisha behewa la kwanza likafunguka, na yote matano yakarudi nyuma kwa kasi, yakaacha njia kwenye kona na kuanguka hadi kwenye sakafu ya saruji. Kijana hakulia. Aliyaokota akayarudisha sandukuni bila neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Kosa lilikuwa nini? Shika penseli, msomaji, tuhesabu pamoja. Tulipanda sentimita 5 katika umbali wa sentimita 60, yaani zaidi ya sentimita 8 kwa kila mita. Garimoshi dogo hupanda vizuri mlima usiozidi sentimita 2 kwa kila mita. Basi kupanda sentimita 5 kunahitaji mita 2 na nusu za reli. Wahandisi waliojenga reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, nao walisumbuliwa na hesabu hiyo hiyo. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa ilibidi kwa muda mabehewa yashushwe kwa kamba za chuma, huku njia ya kudumu ikitafutiwa mteremko wa kadiri.

Nilipiga hesabu nikakata tamaa. Mita 2 na nusu za kupanda, nyingine kama hizo za kushuka, jumla mita 5. Mzunguko mzima uliotoshea mlango wetu haukufika hata mita 4 na nusu. Nilimwonyesha kijana karatasi nikamwambia haiwezekani. Aliitazama kwa muda.

"Lakini garimoshi la Nairobi likishapanda halirudi Mombasa papo hapo, baba. Linaendelea."

Kweli kabisa! Hatukuhitaji kushuka. Njia ingeanzia stesheni ya chini, izunguke ikipanda, ipite juu yake yenyewe na kuishia stesheni ya juu.

Sasa tulichora kwanza. Nakushauri nawe utandaze magazeti ya zamani juu ya ubao (hili pia, ukishalisoma) na uchore njia nzima kwa ukubwa wake halisi. Kwa kona, chomeka msumari, funga uzi wenye penseli, uzungushe. Kona ndiyo inayoamua kila kitu. Reli zetu zimeachana kwa milimita 9, skeli ya 1 kwa 160, na kona ya sentimita 28 kutoka kwenye msumari hadi katikati ya njia inazitosha. Mlango wetu uliiacha na nafasi ya zaidi ya sentimita 9 kila upande. Ikiwa lako ni la milimita 16.5, skeli ya 1 kwa 87, jaribu kupata sentimita 56, nalo litahitaji plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4. Pima nyumba yako kabla ya kununua chochote.

Duara la sentimita 28 lina urefu wa mita 1.76. Tulilikata katikati, tukatia vipande viwili vilivyonyooka vya sentimita 37 kila kimoja, tukapata mita 2 na nusu tulizozitafuta. Kijana alipiga kelele hadi jirani akabisha ukutani.

Mambo mengine tuliyajifunza tukiendelea. Kona ya kushoto isifuatwe mara moja na ya kulia. Weka katikati kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Mlima usianze ghafla, uinue kidogo kidogo, kwani mvunjiko huinua magurudumu. Tuliinua njia kwa vibao tulivyovikata kutoka mabaki ya mafundi wa Gikomba, kila kimoja kikizidi chenzake kwa milimita 5 baada ya kila sentimita 25. Usipigilie msumari hadi mwisho, maana utakunja taruma na reli zitakaribiana. Acha pia mwanya mwembamba kama karatasi kwenye viungio kadhaa, kwa ajili ya joto.

Kuhusu umeme, reli hupata volti 12 tu, ambazo hazimdhuru mtoto. Kifaa kinachochomekwa ukutani ndicho chenye volti 240, nacho hakifunguliwi na mtu asiye fundi.

Krismasi babu alifika. Injini ilipanda na mabehewa manne, la tano likiwa bado linangoja gundi, ikapita juu ya daraja na kusimama stesheni ya juu. Mzee alicheka, akakumbusha kwamba reli ya Mazeras ina upana wa milimita 1,000, ilhali yetu kwa skeli hiyo ni kama ile mpya ya mwaka 2017, yenye milimita 1,435. Kisha akainama, akapitisha kidole polepole juu ya viungio, kimoja baada ya kingine, akasimama kwenye kile kilicho kabla ya daraja.

"Hapa patatoa gari njiani," akasema.

Tulipochungulia, reli moja ilikuwa imezidi nyenzake kwa unene wa ukucha. Kijana alikuwa amekwisha kukimbia kuleta tupa.