Mgeni wa mvinyo, usione haya kutema

Umekaribishwa katika kikundi cha waonjaji mvinyo na unahofia kuchekwa? Tulia, msomaji. Shika glasi kwenye mguu wake mwembamba, si tumboni, kwani kiganja huupasha mvinyo joto. Uzungushe, unuse, ndipo uonje. Ule ukakasi unaokausha mdomo katika mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, haumaanishi umeharibika.

Halafu, tema! Ndoo huwekwa mezani kwa kazi hiyo, na hata mabingwa hutema. Mvinyo mwingi una alkoholi ya asilimia 12 hadi 14, zaidi ya maradufu ya bia ya kawaida. Ukimeza kila glasi, ya sita hutajua ladha yake, na gari itabidi uliache hapo. Nanyi wenyeji, mwambieni mgeni hayo mapema. Wengi humeza kwa kuona haya tu.